Upindo wa inchi tatu

Wiki za mwisho za Desemba, panda daladala yoyote inayokwenda Kariakoo, hukosi kumwona mzazi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni orodha ya mahitaji ya shule, imepigwa muhuri, na sehemu ya mavazi huwa ndefu kuliko ya madaftari. Mashati meupe mawili. Sketi mbili za marinda. Sweta lenye nembo. Tisheti ya michezo. Traksuti yenye jina la shule mgongoni. Soksi za rangi hii, si ile. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: sare zote zinapatikana shuleni.

Mstari huo wa mwisho ndio ulionisukuma kuandika. Miaka nenda rudi nimesikia ushauri wa kubana matumizi ya nguo, redioni, kwenye vikao vya vikoba, hata kanisani, na karibu wote unaelekezwa kwa mama wa nyumbani. Anunue mitumba. Asifuate fasheni. Achukue kubwa mtoto akue nayo. Ushauri si mbaya, ila mama huyo ameshayafanya yote hayo tangu zamani, tena kwa ustadi ambao wengi wa wanaomshauri hawana. Fedha ya nguo ya familia inavujia mahali ambapo yeye hapewi nafasi ya kuamua: kwenye sare anazoagizwa na shule, na kwenye sare anazoagizwa na kamati za sherehe. Tukitaka kumsaidia, tuanzie huko.

Kwanza tumtendee haki mnunuzi wa mitumba. Nenda Karume pale Ilala, au Tandika, asubuhi belo linapofunguliwa, utazame anavyofanya kazi. Haanzi na rangi. Anaigeuza nguo ndani nje, anakagua kwapani, kwa sababu jasho hula kitambaa hapo mapema kuliko kwingine. Anainua suruali juani aone mwanga unapenya wapi, magotini au makalioni. Anavuta mshono kwa vidole viwili. Anafungua zipu na kuifunga mara kadhaa. Anakunjua upindo atazame ndani kuna kitambaa cha kutosha kushushwa au hakuna. Akimaliza hayo ndipo anauliza bei, na anaiuliza kama mtu asiye na haja sana.

Nguo za watoto za mitumba huwa nzima zaidi, maana mtoto wa Ulaya ameizidi nguo kabla hajaichakaza. Shati pana la mwanaume, la pamba, linatoa shati la mtoto wa darasa la pili, na fundi akabaki na kipande cha mfuko. Sweta zito linanunuliwa Februari, wakati joto la Dar es Salaam limepamba moto na muuzaji anatamani liondoke mezani, liwe tayari kwa mtoto atakayekwenda kwa bibi yake Njombe mwezi wa sita. Nguo za ndani hazigusi. Za mitumba zimepigwa marufuku nchini na Shirika la Viwango limekuwa likiziondoa sokoni, na mama anajua sababu bila kusomewa kanuni.

Najua upo ubishi mkubwa juu ya biashara hii. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Mimi ni mmoja wa wanaotamani kuona khanga na mashuka yakitoka kwa wingi kwenye viwanda kama kile cha Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Lakini mzigo huo ni wa serikali na wawekezaji. Hatuwezi kumtwisha mama mwenye watoto wanne na shilingi elfu ishirini mkononi.

Ninalotaka tulitazame kwa karibu ni upindo.

Mtoto wa kati ya miaka sita na kumi hurefuka sentimita tano hadi sita kwa mwaka. Karibu nusu ya hizo zinaongezeka miguuni. Kwa hiyo suruali yake inahitaji kushushwa sentimita tatu hivi kila mwaka, na fundi akimwachia upindo wa inchi tatu, yaani sentimita saba na nusu, suruali hiyo inabeba miaka miwili na bado kinabaki kitambaa cha kupindia. Pembeni, fundi mwenye akili anaacha inchi nzima kila upande badala ya kukata karibu na mshono. Kiunoni anaweka lastiki kwa nyuma, au anaacha kitambaa cha kutanua. Kwenye sketi ya marinda anaficha nafasi ndani ya rinda la mwisho. Ukiitazama kwa nje huoni chochote. Ndani yake kuna miaka miwili ya mtoto.

Wazazi waliozoea mafundi wa barazani hawahitaji hata kueleza sana. Mama anaweka kitambaa juu ya cherehani na kusema, "Fundi, usinikatie mfupi." Fundi, bila kuinua macho kwenye sindano, anajibu, "Hiyo ni mpaka darasa la sita, mama." Januari inayofuata mtoto anarudishwa, fundi anafumua, anashusha, anapiga pasi. Mstari wa upindo wa zamani ukigoma kutoka, unapanguswa kwa kitambaa kilicholowekwa siki na kupigwa pasi tena. Na ukibaki weupe pale rangi ilipopauka, anapitisha mistari miwili ya uzi juu yake ikaonekana ni pambo. Kola ya shati ikichanika kwenye mkunjo, anaifumua yote, anaigeuza upande uliokuwa umefichika, anaishona upya. Shati linapata maisha ya pili kwa gharama ndogo kabisa. Ufundi huu upo Tanga, upo Kigoma, upo Mombasa, na ndio uliowavusha wazee wetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale nguo zilipoadimika na watu wakapanga foleni maduka ya serikali kusubiri doti ya khanga.

Sasa fungua ndani ya sare iliyoshonwa kwa mamia kiwandani na kuuzwa dirishani kwa mhasibu wa shule. Upindo ni sentimita moja, au mbili ukibahatika. Pembeni ovaloki imepita karibu kabisa na mshono na kukata kila kilichozidi, kwa sababu ukishona mamia ya nguo, kila inchi unayoiacha ndani ni mita za kitambaa ambazo hukuuza. Mtoto akirefuka hakuna pa kwenda. Fundi anaipindua, anaitazama, anamrudishia mama: haina kitu. Januari inayofuata ni kununua nyingine.

Kalenda yetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mtoto mwenye mashati mawili anavaa kila moja siku 97. Tuseme shati limegharimu shilingi 12,000. Kila siku ya kulivaa imemgharimu mzazi shilingi 124 hivi. Likivaliwa mwaka wa pili, au likipokelewa na mdogo wake, gharama inashuka hadi 62. Hakuna punguzo la bei dukani litakalokupa nusu nzima namna hiyo. Ndiyo maana nasema, kwa nguo inayovaliwa kila siku, swali kubwa ni itaishi muda gani na ni wangapi wataivaa. Bei ya siku ya kununua ni sehemu tu ya hesabu, na mara nyingi ndiyo sehemu pekee tunayoizungumzia.

Na hapo ndipo utaratibu wa shule unapoumiza. Kitambaa cheupe na cha bluu kinapatikana kila wilaya. Kinachomfunga mzazi ni nembo. Nembo ikidariziwa kwa mashine moja kwa moja kwenye kifua cha shati, sweta na traksuti, basi ni yule mwenye mkataba na shule pekee anayeweza kuuza nguo hiyo, kwa bei anayotaka, kwa kitambaa anachotaka, na kwa upindo anaotaka yeye. Fundi wa mtaani ametolewa nje. Shati jeupe zuri la mitumba limetolewa nje. Kisha anakuja mkuu mpya wa shule, sweta linabadilika kutoka kijani kwenda zambarau, na lile la kaka mtu lililokuwa limetunzwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake linageuka tambara. Nimewaona wazazi wanaopokea habari hiyo kwa ujumbe wa simu wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa. Inauma, kwa sababu mtu huyo alifanya kila alichoshauriwa: alinunua nzuri, akaitunza, akaweka.

Hoja za shule nazijua, na baadhi naziheshimu. Shule binafsi hujiendesha kwa ada, na faida kidogo ya sare hujaza pengo. Wengine wanasema mzazi akiachiwa ashone mwenyewe, mistari ya asubuhi itakuwa na rangi ishirini za bluu. Hoja kubwa kuliko zote ni ya usawa: sare humfanya mtoto wa muuza mboga na mtoto wa meneja wakae dawati moja bila kutazamana nguo. Hiyo ya mwisho naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sare ikiwa ghali kiasi kwamba mtoto wa muuza mboga anakuja na ya mwaka juzi, inayoishia juu ya goti na kubana kwapani, usawa umeshavunjika. Kila mtoto darasani anaona nani hakununuliwa.

Wala hili si suala la haya tu. Mwaka 2003 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza utafiti katika shule za msingi 328 za magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare za bure, wakaongezewa nyingine kabla ya kumaliza. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba waliopewa sare waliacha shule kwa uchache zaidi, wavulana na wasichana, na wasichana hao walipungua kuingia kwenye mimba za utotoni. Duflo na Kremer baadaye, mwaka 2019, walikuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi. Sketi na shati, vitu tunavyovijadili kama mambo madogo ya akina mama, vilitosha kumbakiza msichana darasani.

Sisi kwa upande wetu tulipiga hatua kubwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za serikali kuanzia Januari 2016, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na baadaye nafuu ikafika kidato cha tano na sita. Sare ikabaki kwa mzazi. Sioni ubaya, mzazi lazima abebe kitu. Ninachodai ni kwamba aliyeachiwa mzigo aachiwe pia njia za kuupunguza.

Uingereza, ambako tulichukua sehemu kubwa ya sura ya sare zetu, ilitunga sheria juu ya gharama za sare mwaka 2021. Mwongozo uliofuata kwa shule za England unazitaka zipunguze nguo zenye nembo ziwe chache iwezekanavyo, ziepuke kumfunga mzazi kwa muuzaji mmoja bila ushindani, na zihakikishe sare zilizotumika zinapatikana. Nchi tajiri kuliko yetu imeona haya kuwaacha wazazi wake peke yao mbele ya dirisha la sare. Sisi tunangoja nini?

Dawa yenyewe ni rahisi, na haihitaji bajeti. Nembo iwe ya kitambaa, ya kushonea. Shule iiuze, tena ipate faida yake hapo kama inahitaji. Mzazi anunue nembo mbili, azishone kwenye shati alilonunua popote, lililoshonwa na yeyote, mradi ni jeupe. Shati likichakaa anaifumua nembo na kuihamishia jipya. Shule itoe kipande cha kitambaa cha bluu kama sampuli, kibandikwe ofisini, kila fundi alinganishe. Rangi ishirini zinazohofiwa hazitatokea. Na ikiamua kubadilisha sare, ianze na wanaoingia darasa la kwanza au kidato cha kwanza, waliopo wamalize na walichonacho. Shule nyingine tayari zinafanya hivi na sijasikia nidhamu imeporomoka.

Sare za sherehe nitazisema kwa ufupi, ingawa najua ndizo zitakazoniletea simu nyingi. Kicheni pati, sendofu, harusi, ubarikio, kipaimara, arobaini. Kamati inachagua kitenge, kinapatikana duka moja, tarehe ya mwisho ya kulipa ni Ijumaa. Kitenge na ushonaji tuseme ni shilingi 70,000. Gauni linavaliwa siku ile, labda na Jumapili moja baadaye, kisha linakaa, kwa sababu mtaa mzima unajua lilikuwa la harusi ya nani. Ni shilingi 35,000 kila lilipotoka kabatini. Linganisha na zile 124 za shati la shule ambalo mama huyo huyo alihangaika wiki nzima kulipatia punguzo la elfu moja.

Sipingi wanawake kupendeza pamoja. Ukiwaona dada na mashangazi wameingia ukumbini kwa rangi moja, unajua bibi harusi ana watu, na hilo lina thamani isiyopimwa kwa shilingi. Ninachoomba ni kamati zikumbuke walivyofanya mama zetu wa pwani, ambao sare yao ilikuwa doti ya khanga. Doti hiyo ilicheza ngoma usiku wa harusi, na kuanzia asubuhi yake ikaanza kazi: kubeba mtoto, kujifunga jikoni, kujitanda msibani, kuwa shuka la mgeni. Miaka kumi baadaye bado ipo, imelainika. Kamati ikichagua khanga, au ikitaja rangi tu na kumwacha kila mtu atafute alichonacho, picha zitapendeza vilevile, na yule shangazi anayejisingizia kuumwa kwa kukosa hela ya sare atakuja.

Nyumbani kwenyewe yapo machache ya kufanya, na hapa baba naye asikie. Kifungo kilichong'oka kirudishwe wiki hiyo hiyo, kabla kingine hakijafuata na kabla mtoto hajaanza kufunga shati kwa pini. Sindano na uzi mweupe, mweusi na wa bluu vikae mahali panapojulikana. Mvulana wa miaka tisa anaweza kushona kifungo. Afundishwe, dada yake asibebeshwe peke yake. Shati jeupe lisilowekwe kwenye jiki kila Jumamosi, maana jiki ikizidi huila pamba, na ule uchafu wa kola ni mafuta ya shingo: paka sabuni ya kipande kola ikiwa kavu, iache dakika chache, sugua kwa mkono, suuza, kisha anika ndani nje. Bluu kidogo ya kufulia kwenye maji ya mwisho itarudisha weupe bila kula uzi. Bibi zetu waliyajua haya.

Lakini hata mama akifanya yote hayo, na baba akishona vifungo vyote, bado ile karatasi yenye muhuri itakuja. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa wajumbe wa kamati za shule za msingi na bodi za sekondari, ambao ni wazazi wenzetu. Sare za Januari huagizwa miezi kabla, na malipo ya awali yakishatoka hakuna mkuu wa shule atakayerudi nyuma. Ombeni suala la sare liandikwe kwenye ajenda ya kikao cha muhula huu. Mwombeni mwalimu mkuu aje na sweta moja na sketi moja za sasa, mzipindue mezani mbele ya wazazi wote, na mpime upindo kwa futi.